Kopo likibadilika: Je, mtoto mchanga hudhurika anapobadilishiwa maziwa?

Makala yetu ya afya ya mama na mtoto leo yanatoka mjini Johannesburg, Afrika Kusini, jiji ambalo katika mitaa yake ya Yeoville, Hillbrow na Berea Kiswahili husikika tangu alfajiri, kwa lafudhi ya Bukavu na ya Lubumbashi, ya Kigoma, ya Tanga na ya Mombasa. Swali tunalolijadili ni la nyumbani kabisa, ingawa limewahi kufika hadi kwenye meza za mawaziri: mtoto mchanga aliyezoea maziwa ya kopo ya aina moja, akibadilishiwa na kupewa ya aina nyingine, je, anadhurika?

Jibu fupi, kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia, ni kwamba hadhuriki. Jibu hilo lingetosha kufunga makala kama hofu ya kubadilisha kopo isingekuwa na gharama. Lakini ina gharama. Mama aliyeambiwa kwamba mwanawe hawezi kunywa maziwa mengine isipokuwa yale ya bei kubwa aliyoanza nayo, akiishiwa na fedha tarehe 20 ya mwezi, hatanunua kopo la bei nafuu. Atapunguza vijiko na kuongeza maji. Hapo ndipo mtoto anapodhurika.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yanayouzwa madukani hutengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa kilichopitishwa mwaka 1981 na tume ya Codex, ambayo ni chombo cha pamoja cha Shirika la Afya Duniani, WHO, na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO. Kiwango hicho, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2007, kinataka kila mililita 100 za maziwa yaliyokwisha kuchanganywa ziwe na nguvu ya kalori 60 hadi 70, na kinaweka mipaka ya protini, mafuta, sukari ya maziwa iitwayo laktosi, madini ya chuma, na vitamini moja baada ya nyingine. Kiwanda hakina uhuru wa kutengeneza maziwa ya namba 1 kipendavyo. Kwa hiyo kopo la bei ya juu na kopo la bei ya chini, yote mawili yakiwa ya maziwa ya ng'ombe ya kawaida na yote mawili yakiwa ya namba 1, yanafanana kwa karibu kila jambo ambalo uhai na ukuaji wa mtoto hulitegemea. Tofauti zilizobaki ni za uwiano wa aina mbili za protini, aina ya mafuta ya mimea, na viungo vya ziada ambavyo hupambwa kwa herufi za dhahabu kwenye lebo.

Idara ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, huwaeleza wazazi kwamba hakuna ushahidi kuwa kubadilisha kutoka aina moja hadi nyingine kunamletea mtoto faida au madhara. Mwezi Februari mwaka 2025 mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia ushindani wa kibiashara ilitoa ripoti iliyosema kwamba wazazi wengi huchagua kopo la bei kubwa kwa kudhani kwamba bei ni alama ya ubora, ilhali sheria inalazimisha makopo yote yakidhi mahitaji ya mtoto. Mzazi anayehamia kopo la bei ya chini, ilisema ripoti hiyo, anaweza kuokoa karibu pauni 300 kwa mwaka.

Marekani nayo ilipitia mtihani ambao haikuuomba. Mwezi Februari mwaka 2022 kampuni ya Abbott iliyaondoa sokoni maziwa yaliyotengenezwa katika kiwanda chake cha mji wa Sturgis, jimbo la Michigan, na kiwanda kikafungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya hofu ya vijidudu. Rafu za maduka zikawa tupu. Wazazi kwa mamilioni, na miongoni mwao familia za Waafrika Mashariki wa Minneapolis na Columbus, walilazimika kununua chochote walichokikuta. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwaambia kwamba kwa watoto walio wengi ni salama kuhamia maziwa yoyote ya watoto wachanga yanayopatikana, hata yale yenye jina la duka lenyewe, isipokuwa kwa wale wanaotumia maziwa maalumu kwa amri ya daktari. Katika tamko hilo hilo kilionya juu ya mambo mawili: kuzimua maziwa na kujitengenezea maziwa nyumbani.

Ikiwa mambo ni hivyo, kwa nini wazazi wengi huapa kwamba kopo jipya lilimponya mtoto, au lilimharibu tumbo? Hapa pana somo ambalo halifundishwi vya kutosha kliniki. Kilio cha msokoto wa tumbo, ambacho bibi zetu hukiita chango, huanza mtoto akiwa na wiki mbili hivi, hupanda mpaka kilele chake karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe hadi kutoweka kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Ni nani anayebadilisha maziwa? Ni mzazi aliyekesha wiki nzima. Na anabadilisha lini? Wakati kilio kimefika kileleni. Baada ya kilele ni mteremko tu, kopo lolote liwalo, na sifa zote humwendea kopo jipya. Kucheua nako ni vivyo hivyo: watoto wengi hucheua maziwa kidogo baada ya kunyonya, na hali hiyo hupungua wanapojifunza kukaa na kuanza kula vyakula vizito.

Ni kweli kwamba tumbo hulitambua kopo jipya. Kinyesi kinaweza kuwa cha kijani, kigumu kidogo au laini zaidi, hewa ikaongezeka, na mtoto akakunja uso kwa ladha asiyoijua. Mambo hayo hutulia ndani ya siku chache, pengine wiki moja. Mzazi anayebadilisha kopo Jumatatu, akalirudisha la zamani Jumatano na kujaribu la tatu Jumamosi, hawezi kujua kilichosababisha nini. Mpe mtoto wiki moja au mbili kabla ya kutoa hukumu.

Namna ya kubadilisha haina siri kubwa. Unaweza kuanza na kopo jipya mara moja, na watoto wengi hawatajali. Ukipenda kwenda polepole, badilisha chupa moja kwa siku: leo ile ya mchana, kesho mbili, hata kwa siku nne au tano zote ziwe za maziwa mapya. Wapo wanaochanganya maziwa mawili katika chupa moja ili ladha isimshtue mtoto. Wakifanya hivyo, kila aina ichanganywe kwanza na maji yake kwa kipimo chake, ndipo maziwa mawili yaliyokwisha kuwa tayari yaunganishwe. Kuchota unga wa kopo hili na unga wa kopo lile kwenye maji yale yale ni kucheza bahati nasibu.

Nasema bahati nasibu kwa sababu ya kile kijiko kidogo cha plastiki kinachozama ndani ya unga. Makopo mengi yanayouzwa Afrika Kusini hutaka kijiko kimoja kwa mililita 25 za maji. Uingereza kawaida ni kijiko kimoja kwa mililita 30. Marekani, makopo mengi hutaka kijiko kimoja kwa aunsi 2, yaani karibu mililita 60. Vijiko hivyo havilingani kwa ukubwa. Sasa fikiria familia ya Johannesburg iliyoletewa makopo matatu na shangazi aliyetoka Marekani. Mama aliyezoea kijiko kimoja kwa mililita 25, akitumia kijiko kikubwa cha kopo lile kwa desturi yake ya zamani, atampa mtoto maziwa mazito zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa, na figo za mtoto mchanga hazina uwezo wa kuhimili hali hiyo. Mtoto atakosa maji mwilini huku akinywa. Akifanya kinyume chake, kijiko kidogo cha kopo la Afrika Kusini kwa mililita 60, mtoto atakunywa chini ya nusu ya chakula chake. Kijiko cha kopo la zamani hutupwa pamoja na kopo la zamani. Na maji hutangulia kwenye chupa, ndipo unga ufuate, kijiko kikiwa kimesawazishwa, bila kushindiliwa.

Sasa tufanye hesabu ya fedha, maana ndiyo inayoamua mengi. Mtoto mwenye uzito wa kilo 5 anayelelewa kwa maziwa ya kopo pekee huhitaji kwa wastani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mililita 750 kwa siku. Kiasi hicho kinahitaji unga wa gramu zinazokaribia 100. Kopo la gramu 400 litakwisha kwa siku nne, na lile la gramu 900 kwa siku tisa. Ni kilo tatu za unga kila mwezi. Posho ya serikali ya Afrika Kusini kwa ajili ya malezi ya mtoto wa familia maskini ilikuwa randi 560 kwa mwezi kuanzia Aprili 2025, na mhamiaji asiye na ukaazi wa kudumu wala hadhi ya ukimbizi haipati kabisa. Mama anayepanga chumba Hillbrow na kuuza mboga barabarani hahitaji mtaalamu wa uchumi kumweleza maana ya tarakimu hizo.

Chupa ya mililita 150 huhitaji vijiko sita vya mililita 25. Akiweka vinne, kopo la siku tisa litafika siku ya kumi na tatu, na maziwa yataendelea kuonekana meupe. Mtoto atanyamaza pia, kwa kuwa tumbo limejaa. Lakini amepata theluthi mbili tu ya chakula chake. Uzito husimama, kinga hudhoofika, na utapiamlo huingia nyumba isiyokosa chupa. Maji yakizidi sana, chumvi ya damu hushuka, na mtoto anaweza kulegea au kupatwa na degedege. Kwa nia ya kuwa mwaminifu kwa jina lililoandikwa kwenye kopo, mama amekwisha kumbadilishia mtoto maziwa, tena kwa mabadiliko mabaya kuliko yote. Ningependa kila muuguzi anayemshauri mzazi aliyeishiwa aanze na sentensi hii: nunua la bei nafuu, ulichanganye sawasawa.

Johannesburg na Afrika Kusini kwa jumla wanaijua habari hii kwa uchungu. Mwaka 2001 serikali ilianzisha vituo 18 vya majaribio, viwili kwa kila mkoa, vya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mama alipewa dawa ya nevirapine wakati wa uchungu, na mtoto akapewa tone lake baada ya kuzaliwa. Kwa kuwa virusi hupita pia katika maziwa ya mama, vituo hivyo viliwapa akina mama waliochagua kutonyonyesha maziwa ya kopo ya bure kwa muda wa miezi sita. Shirika la wanaharakati la Treatment Action Campaign lilikwenda mahakamani kudai nevirapine isibaki katika vituo 18 pekee, na tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba, ambayo makao yake ni Johannesburg, iliiamuru serikali kuondoa kizuizi hicho. Dawa zikaenea nchini, na makopo yakaenea pamoja nazo.

Kopo lililotolewa kwa miaka mingi lilikuwa la Pelargon, maziwa ya kampuni ya Nestlé yaliyotiwa uchachu ili vijidudu visistawi haraka. Wazo lilikuwa zuri. Hata hivyo kopo lile lilijulikana mno. Jirani aliyeliona dirishani alijua hali ya mama bila kuambiwa, na wapo waliolificha hata kwa mama wakwe zao. Tena zahanati ziliishiwa. Mama aliyeelekezwa asimnyonyeshe mwanawe kabisa alifika kuchukua kopo akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki moja kwa mtoto mchanga ni muda mrefu. Alibadilisha maziwa bila kupanga, akanunua kopo jingine kama alikuwa na fedha, au akampa uji mwepesi kama hakuwa nazo. Watafiti waliochukua sampuli za chupa katika mpango huo walikuta nyingi zikiwa na vijidudu vya kinyesi, na si chache zikiwa zimezimuliwa kupita kiasi.

Nchi jirani ya Botswana ilipatwa na msiba mkubwa zaidi. Mvua nyingi za mwanzoni mwa mwaka 2006 zilichafua maji, ugonjwa wa kuhara ukazuka, na watoto kwa mamia wakafariki dunia. Wachunguzi waliofika huko walibaini kwamba jambo lililowatenganisha zaidi watoto waliougua na wenzao lilikuwa kutonyonyeshwa. Mwaka uliofuata, 2007, matokeo ya utafiti wa KwaZulu-Natal yaliyochapishwa katika jarida la Lancet yalionesha kwamba mtoto wa mama mwenye virusi aliyepewa maziwa ya mama pekee alikuwa na hatari ndogo ya kuambukizwa kuliko yule aliyechanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine. Ndipo mwezi Agosti mwaka 2011, katika mkutano wa Tshwane, waziri wa afya wa wakati huo, Dakta Aaron Motsoaledi, na wenzake walitangaza kwamba Afrika Kusini inaacha kugawa makopo ya bure na kuwa nchi inayokuza unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza.

Tangu hapo hospitali za umma hutoa maziwa ya kopo kwa hali maalumu za kitabibu tu. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake ipasavyo hushauriwa anyonyeshe, na mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 unasema anaweza kuendelea hadi miezi 24 au zaidi, mradi anasaidiwa kudumu na dawa. Takwimu za kitaifa zinaonesha kwamba watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee waliongezeka kutoka asilimia 8 mwaka 2003 hadi asilimia 32 mwaka 2016. Ni hatua kubwa. Lakini maana yake ni kwamba kwa takwimu hizo watoto wawili katika kila watatu walikuwa wanapewa kitu kingine pia, na mama zao wanastahili kupewa maelezo badala ya kukaripiwa.

Turudi basi jikoni, kwenye maji. Unga wa maziwa haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani. Unaweza kuwa na kijidudu kiitwacho Cronobacter, ambacho ni nadra lakini ni hatari sana kwa watoto wa chini ya miezi miwili. Kwa sababu hiyo WHO na FAO, katika mwongozo wao wa mwaka 2007, walishauri maji yachemshwe na yasiachwe kupoa zaidi ya dakika 30, ili yanapokutana na unga yawe bado na joto la nyuzi 70 au zaidi. Kisha chupa ipozwe kwenye beseni la maji baridi hadi iwe vuguvugu. Johannesburg iko juu sana, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi, joto ambalo bado linatosha. Kilichowasumbua wakazi ni mgao wa umeme, ambao ulifikia kilele mwaka 2023, na maji ya bomba kukatika, adha iliyoendelea hata baada ya umeme kutengemaa. Chupa ya chai nzuri, iliyojazwa maji yanayotokota na kufungwa vizuri, itahifadhi joto la kutosha kwa maziwa ya usiku. Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa na kukaa saa mbili nje ya jokofu humwagwa, na kadhalika yale yaliyobaki kwenye chupa baada ya mtoto kushiba, hata kama roho inauma.

Yapo mabadiliko ambayo hayafai, hata kwa siku moja. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita, maziwa ya unga ya kawaida ya familia, maziwa mazito ya kopo yenye sukari, na ule unga mweupe unaotiwa kwenye chai na kahawa si badala ya maziwa ya watoto. Huo wa chai na kahawa mara nyingi hata si maziwa. Ni mafuta ya mimea na sukari. Huuzwa karibu na maziwa halisi, hufanana nayo kwa rangi, na bei yake ni ndogo, kwa hiyo humdanganya mtu asiyesoma Kiingereza kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayetoka Uvira au Kasulu na kufika jana hana kosa kuuliza dukani mara mbili.

Maziwa ya namba 2 nayo hayampi nafuu mtoto wa miezi mitatu eti kwa kuwa yatamshibisha zaidi. Yametengenezwa kwa walio na umri wa miezi sita na kuendelea, na hata kwao si ya lazima: anaweza kubaki na namba 1 hadi atimize mwaka mmoja. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unasema mtoto asiyenyonya, mwenye miezi 6 hadi 11, anaweza kupewa maziwa ya watoto wachanga au maziwa ya wanyama, na akishatimiza mwaka, maziwa ya wanyama. Yale ya namba 3 hayana ulazima. Fedha hiyo ingenunua mayai.

Kuna pia makopo yenye majina ya kitabibu, na hapa ndipo mzazi asipohama kwa kufuata ushauri wa rafiki. Mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe huwapata watoto wawili au watatu hivi katika kila mia. Dalili zake ni damu au makamasi kwenye kinyesi, ukurutu mkali, kutapika kusikokwisha, na kukataa kunyonya. Mtoto wa namna hiyo huhitaji maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa kabisa, kwa maelekezo ya daktari, naye hubadilishiwa mara moja bila kwenda polepole. Maziwa ya mbuzi si kimbilio, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Ya soya hayashauriwi na madaktari wa Ulaya kwa mtoto mwenye mzio wa chini ya miezi sita. Na yale yasiyo na laktosi hununuliwa bure na wengi: ni kweli Waafrika walio wengi hupoteza uwezo wa kumeng'enya laktosi wanapokua, lakini mtoto mchanga huzaliwa nao, na maziwa ya mama yenyewe yamejaa laktosi. Huhitajika zaidi kwa muda mfupi, baada ya kuhara kukali, daktari akisema.

Usisubiri kubadilisha kopo la pili au la tatu iwapo mtoto anatapika nyongo ya kijani, ana homa ya nyuzi 38 akiwa hajatimiza miezi mitatu, utosi wake umebonyea, nepi imekaa kavu kwa saa nyingi, midomo imevimba, au anapumua kwa shida. Hizo si habari za maziwa tena.

Wasikilizaji wetu walioko Gauteng wameuliza mara nyingi kama mhamiaji asiye na karatasi ana haki ya kumpeleka mtoto hospitalini. Sheria ya afya ya mwaka 2003 inawapa huduma ya bure wanawake wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto wa chini ya miaka sita wasio na bima. Tarehe 14 Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo haitegemei uraia wala hati. Mwaka 2025 vikundi vilisimama kwenye malango ya zahanati kudai vitambulisho na kuwarudisha wageni, na mwezi Novemba mwaka huo mahakama hiyo hiyo ikalikataza kundi la Operation Dudula kufanya hivyo. Amri ya mahakama na mlango wa zahanati ni vitu viwili tofauti, tunalijua hilo. Ukirudishwa, nenda na mwenzako, na uandike tarehe na saa.

Ukifika ndani, mtoto atapimwa uzito na alama itawekwa kwenye kitabu chake. Mstari ukiwa unapanda, kopo ulilochagua linafaa, jina lake liwe lolote. Ukiwa umelala, usianze kwa kulilaumu kopo. Siku hiyo beba kopo, kijiko chake na chupa, umwombe muuguzi akutazame ukichanganya maziwa mbele yake, tangu maji hadi kijiko cha mwisho.